Kutoka gia kumi na mbili hadi moja: shajara ya baiskeli ya mashindano mjini Tanga

Jumamosi, 6 Julai 2024: fremu imepatikana

Leo nimenunua baiskeli ya mtumba ya mashindano, iliyotengenezwa Japani, kwa shilingi 160,000. Muuzaji wa Ngamiani alikuwa ameitundika ukutani kwa muda mrefu kiasi kwamba buibui walikuwa wamekwisha kutanda baina ya spoku. Ina sproketi (visahani vya meno vinavyoshika cheni) mbili mbele, ya meno 52 na ya meno 42, na sproketi sita nyuma, kwa hiyo kwenye karatasi ina gia 12. Barabarani ina gia moja tu, nayo ni ile ambayo cheni ilikutwa juu yake siku waya wa gia ulipoganda kwa kutu. Hewa ya chumvi ya mji huu haichagui, na chochote chenye waya mwembamba na springi ndogo hukipata kwanza.

Badala ya kufufua gia hizo nimeamua kuziondoa zote, nibaki na sproketi moja mbele na moja nyuma, kisha baadaye nijaribu kuondoa hata friwili, yaani kile kinachoruhusu gurudumu kuzunguka huku pedali zimetulia, ili pedali zizunguke kila gurudumu la nyuma linapozunguka. Sidai kwamba gia moja ni jambo jipya Tanga. Baiskeli za Phoenix za Kichina zimebeba nazi, mkaa na watoto wa shule katika mji huu tangu kabla sijazaliwa, na zote ni za gia moja. Ninachotaka kukijua ni kama fremu nyepesi ya mashindano, ikipewa gia moja iliyochaguliwa vizuri, inaweza kunipeleka kazini kila siku kutoka Mikanjuni hadi karibu na bandari bila kunilaza njiani, na itanigharimu kiasi gani.

Kwa atakayeiga kazi hii, kuna jambo moja la kukagua kabla ya kutoa pesa, nalo ni mianya ya fremu inayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Kama mianya hiyo imelala kwa usawa, au imeinama kidogo kama yangu, utaweza kusogeza gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze. Kama imesimama wima, gurudumu halina pa kwenda, na utalazimika kufunga kikaza cheni, jambo ambalo linarudisha sehemu ya usumbufu uliokuwa unaukimbia.

Jumapili, 14 Julai 2024: kuvua

Kazi ya kufungua breki, usukani, krenki (mikono inayoshika pedali) na gololi za shingo ilikwenda kwa kawaida, kwa lita moja ya mafuta ya taa, grisi na gololi mpya, jumla shilingi 9,000. Kilichochukua siku nzima ni kufungua kile kifurushi cha sproketi sita kutoka kwenye kitovu cha gurudumu. Kila mara unapokanyaga pedali kifurushi hicho hujikaza zaidi, na hiki kilikuwa kimekanyagwa kwa miaka mingi. Fundi wangu wa Barabara ya 12, mzee aliyeanza kutengeneza baiskeli akiwa kijana, alinyoosha mkono kuchukua tindo na nyundo.

"Shikamoo mzee, lakini hapana," nilimwambia. "Kitovu hiki bado ninakihitaji."

"Marahaba. Sasa mwanangu, watu wananilipa niwaongezee gia, wewe unanilipa nikuondolee?"

Tulikubaliana kumwendea mchomeleaji wa jirani, ambaye kwa shilingi 5,000 alitengeneza kifunguo kutokana na nati kubwa iliyochongwa meno mawili ya kuingia katika vishimo vya kifurushi. Kifunguo kilibanwa kwenye jiliwa, gurudumu likalazwa juu yake, kisha tukalizungusha kama usukani wa lori. Lilikataa mara mbili, na mara ya tatu likatoa mlio uliowafanya wateja wa duka la pili wageuke. Thredi za kitovu, yaani mikato yake ya skrubu, zilikutwa salama, na kwa tindo zisingesalimika.

Vifaa vyote vilivyotolewa, yaani mikono ya gia, nyaya, sproketi kubwa ya mbele na kifurushi cha nyuma, nilivipima kwenye mizani ya muuza nyama. Vilifika kilo moja na robo, na muuza nyama akauliza kama ni za supu.

Jumamosi, 27 Julai 2024: mstari wa cheni, na makosa mawili

Kosa la kwanza lilitokana na ubahili. Nilinunua friwili ya Phoenix ya meno 18 kwa shilingi 8,000, ambayo thredi zake zilikaa vizuri kwenye kitovu cha Kijapani, kisha nikataka kutumia cheni ile ile ya zamani. Cheni ya baiskeli ya gia nyingi ni nyembamba, ya inchi 3/32 kwa ndani, ilhali meno ya friwili ya Phoenix ni mapana na yanataka cheni ya inchi 1/8. Cheni haikuingia kwenye meno, ikawa inapanda juu yake na kuruka kila nilipokanyaga. Kinyume chake hakina tatizo, kwa maana cheni pana hukaa bila taabu juu ya sproketi nyembamba ya mbele, ingawa hulegea kidogo pembeni. Cheni mpya ya 1/8 ilinigharimu shilingi 9,000.

Kosa la pili lilihitaji akili zaidi. Baiskeli ya gia nyingi huvumilia cheni iliyopinda, kwa sababu imezoea kuhama kutoka sproketi moja kwenda nyingine. Ya gia moja haivumilii, na cheni isiyonyooka hupiga kelele, hula meno na mwishowe hudondoka. Nilipima kutoka katikati ya fremu: sproketi ya mbele ya meno 42, ikiwa imefungwa upande wa ndani wa krenki, ilikuwa milimita 42, lakini friwili nyuma ilikuwa milimita 37 tu. Sababu ni kwamba upande wa kulia wa ekseli ulikuwa umewekewa washa (pete bapa za chuma) nyingi ili kuacha nafasi ya zile sproketi sita.

Tulihamisha washa za milimita 5 kutoka kulia kwenda kushoto, kitovu kikasogea kulia na mstari ukanyooka. Hata hivyo rimu nayo ilihama pamoja na kitovu, hivyo ikawa inagusa fremu upande mmoja. Dawa yake ni kukaza spoku za kushoto na kulegeza za kulia mpaka rimu irudi katikati. Hapo nilijitia ufundi nyumbani, nikakaza kila spoku mzunguko mzima mmoja kwa wakati, na baada ya nusu saa rimu ilikuwa inacheza kama chapati inayorushwa hewani. Mzee aliinyoosha kwa shilingi 10,000, akigeuza kila nipo, ile nati ndogo inayoshika spoku kwenye rimu, robo mzunguko tu huku ameegemeza kipande cha chaki kwenye fremu ili mahali rimu inapogusa paonekane. Faida ya kazi hii ni kwamba spoku za pande mbili sasa zina mwinamo unaokaribiana, na gurudumu la namna hiyo lina nguvu kuliko lile la gia sita.

Jumapili, 11 Agosti 2024: safari ya kwanza, ekseli na matairi

Kabla ya safari kulikuwa na suala la matairi, nalo linastahili onyo. Rimu zangu ni za 700C, ambazo kipenyo cha mahali tairi linapokaa ni milimita 622. Dukani niliomba tairi la "ishirini na nane", nikapewa tairi la Phoenix la 28 x 1½, ambalo kipenyo chake ni milimita 635. Yote mawili huitwa 28 mdomoni, na tofauti ya milimita 13 haionekani mpaka umefika nyumbani na tairi linazunguka juu ya rimu kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Muuzaji alikataa kulirudisha kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulitia vumbi, kwa hiyo shilingi 15,000 zimekwenda, na tairi limekwenda kwa jirani mwenye Phoenix. Matairi sahihi mawili, ya upana wa milimita 28, yalitoka Dar es Salaam kwa basi kwa shilingi 70,000, usafirishaji 5,000 na tyubu mbili 12,000. Someni namba ndogo pembeni mwa tairi, ile yenye 622 au 635, na msisikilize jina. Mpira wa breki na nyaya mpya, mbele na nyuma, vilikuwa shilingi 14,000.

Safari yenyewe ilidumu mita mia tatu. Nilisimama juu ya pedali kuvuka barabara, nikasikia mlio, gurudumu la nyuma likavutwa mbele upande wa kulia na tairi likabana kwenye fremu upande wa kushoto. Ekseli ilikuwa ile ya zamani yenye tundu katikati, inayofungwa kwa mkono mmoja bila spana. Baiskeli ya gia moja hukulazimisha kusimama na kusukuma kwa uzito wote, na mkono ule haukushika vya kutosha katika mianya iliyolala. Ekseli ngumu isiyo na tundu, pamoja na nati zake za spana namba 15, ilikuwa shilingi 10,000 na imemaliza tatizo. Tangu leo natembea na spana hiyo mfukoni, maana bila hiyo pancha ya nyuma ni kurudi kwa miguu.

Jumapili, 1 Septemba 2024: kuchagua gia

Hapa ndipo mradi wote unapokaa, na wengi hupapita haraka. Ukiwa na gia moja, hesabu ni nyepesi: gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzunguko wa tairi, ambao kwa tairi langu ni kama mita 2.13. Jibu ni umbali unaokwenda kwa mzunguko mmoja wa pedali.

Nilianza kwa kiburi. Nilirudisha sproketi ya meno 52 mbele, na 52 kwa 18 ikanipa mita 6.15 kwa kila mzunguko. Asubuhi nikielekea mjini mambo yalikuwa mazuri na niliwapita wenye pikipiki waliokuwa wakitafuta abiria. Siku niliyokwenda upande wa Pangani, huku kusi ikivuma usoni, nilijuta kuanzia nilipoacha nyumba za mwisho. Tanga ni tambarare, na kila mtu atakuambia hivyo, lakini upepo wa bahari ni mlima usioonekana kwenye ramani, na mlima huo hauna kilele cha kupumzikia. Magoti yaliuma siku mbili.

Nikashuka hadi 42 kwa 18, yaani mita 4.97. Kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika, ambayo mtu wa kawaida anaweza kuidumisha bila kuhema, hiyo ni kama kilomita 24 kwa saa. Kusi ikiwa usoni ninakwenda polepole bila kuumia. Ikiwa mgongoni na ninataka kilomita 30 kwa saa, miguu inalazimika kuzunguka mara 100 kwa dakika, na hapo ninaonekana kama cherehani. Nimekubali hasara hiyo. Nani ana haraka ya kufika ofisini?

Baada ya wiki tatu za kwenda na kurudi, ninaweza kusema kinachopendeza. Kwanza ni ukimya, kwa kuwa cheni fupi iliyonyooka na kukazwa haigongi popote. Pili ni kwamba mkono hautafuti kitu: ukikaribia mwinuko unajua tangu mbali kuwa lazima uuingie na kasi, na hesabu hiyo inakuwa mazoea ya macho badala ya vidole. Tatu, na hili ndilo lililonileta, katika wiki hizo sijarekebisha chochote zaidi ya kupangusa cheni na kuitia mafuta. Mashindano ya Tour de France yenyewe yaliwazuia waendeshaji kutumia vibadilisha gia mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo mtu alifika chini ya mlima, akashuka, akageuza gurudumu la nyuma lililokuwa na sproketi pande zote mbili, akaendelea. Waliopanda Alps kwa mtindo huo wangeshangaa kusikia nikilalamikia barabara ya Pangani.

Dada yangu ameuliza swali moja tu: gunia la unga litakaa wapi? Phoenix ingemjibu mara moja kwa keria yake. Yangu haina, na kwa sasa unga unaendelea kuja kwa bajaji.

Jumamosi, 21 Septemba 2024: jaribio lisilopaswa kurudiwa

Ninaandika sehemu hii kwa urefu kwa sababu kuna watu wengi wanaopendekeza njia hii kwa urahisi wake.

Ili baiskeli iwe bila friwili, sproketi ya nyuma lazima ishikamane na kitovu, isiweze kuzunguka peke yake upande wowote. Nilinunua friwili nyingine kwa shilingi 8,000 na kumpelekea yule mchomeleaji, naye kwa shilingi 3,000 akaiziba kwa moto mpaka ikawa kipande kimoja cha chuma. Mzee wa Barabara ya 12 aliitazama, akaizungusha kiganjani, akasema, "Mwanangu, hii itafunguka." Nikamwuliza itafungukaje ilhali imechomelewa. Hakubishana. Nilipaswa kufahamu kwamba alikuwa hazungumzii moto wa mchomeleaji, bali thredi.

Thredi za friwili hujikaza unapokanyaga mbele. Kwenye baiskeli isiyo na friwili, unapopunguza mwendo unazuia pedali kwa miguu, na nguvu hiyo inaivuta sproketi upande wa kujifungua. Kitovu kilichotengenezwa kwa kazi hii kina thredi za pili, ndogo zaidi na zinazozunguka kinyume, ambako hufungwa pete ya kufungia. Sproketi ikitaka kujifungua huisukuma pete hiyo, na pete inazidi kujikaza. Kitovu changu hakikuwa nazo. Nilifikiria kuongeza pete ya kawaida mbele ya friwili, nikakuta mwili wa friwili umezimeza thredi zote.

Kwa siku mbili mtaani iliendeka, na nilianza kumwona mzee kuwa na wasiwasi wa bure. Siku ya tatu nilikwenda Amboni. Kwenye mteremko wa kushukia daraja la Mto Zigi niliisikia baiskeli ikichukua kasi, nikazuia pedali, zikatii kwa muda, kisha zikalegea ghafla robo mzunguko, nusu mzunguko, halafu hakukuwa na kitu chochote chini ya miguu. Sproketi ilikuwa imejifungua na kuhamia nje, na cheni ilikuwa inaning'inia. Breki ya mbele ndiyo iliyonisimamisha, mita chache kabla ya lori lililokuwa limeegeshwa. Nilikaa pembeni ya barabara mpaka mikono ilipoacha kutetemeka, kisha nikaisukuma baiskeli hadi kwenye duka la soda na kuomba lifti ya gari la mchanga.

Shilingi 11,000 zimekwenda, na hizo ndizo rahisi kuliko zote katika shajara hii. Sheria ya Uingereza inailazimu baiskeli isiyo na friwili kuwa na breki ya mbele, na baada ya Amboni sihitaji kuelezwa kwa nini. Ukizuia mwendo, uzito huegemea gurudumu la mbele na la nyuma hubaki jepesi, kwa hiyo hata miguu yenye nguvu, kwenye kitovu kizuri, haiwezi kufanya kazi ya breki hiyo. Waendeshaji wa viwanja vya mashindano, na wale wa keirin huko Japani, mbio za baiskeli za kiwanjani zilizoanza mwaka 1948, huendesha bila breki kabisa. Lakini kiwanjani wote wanakwenda upande mmoja, na hakuna mbuzi anayevuka.

Jumamosi, 9 Novemba 2024: kitovu sahihi

Kitovu kimefika, pamoja na sproketi ya meno 14 na pete ya kufungia, kwa shilingi 110,000 ukijumlisha usafirishaji. Kina pande mbili: upande mmoja una thredi mbili, za sproketi na za pete ya kinyume, na upande wa pili una thredi za friwili ya kawaida. Ukichoka kukanyaga bila kupumzika unageuza gurudumu, na baiskeli inakuwa na friwili.

Upana wake ni milimita 120 na fremu yangu ni milimita 126, kwa hiyo tuliongeza washa za milimita 3 kila upande. Hatukuikunja fremu, ingawa kijana mmoja karakana alikuwa amekwisha kuishika tayari kuibana kwa mikono. Masikio ya kitovu kipya, yaani kingo zinazoshika spoku, ni makubwa, na spoku za zamani zilikuwa ndefu mno; zingetokeza ndani ya rimu na kutoboa tyubu. Tulibeba kitovu na rimu mpaka dukani, tukapima hapo hapo, tukachukua spoku 36 za urefu mmoja kwa shilingi 500 kila moja. Ufundi ulikuwa shilingi 15,000. Mstari wa cheni ulitoka milimita 42 bila kuguswa, kwa kuwa vitovu hivi vimetengenezwa kwa kipimo hicho, na mzee alionekana kukatishwa tamaa kidogo kwa kukosa la kurekebisha.

Sproketi inakazwa kwa kipande cha cheni kilichofungwa kwenye rungu la chuma, halafu baada ya safari fupi yenye mwinuko inarudiwa, na pete inarudiwa pia. Nilirudia mara tatu. Amboni imenifundisha.

Jumapili, 24 Novemba 2024: miguu inajifunza upya

Wiki ya kwanza mwili unasahau. Miaka yote umezoea kuacha kukanyaga ukikaribia kona, shimo au mtu, na hapa ukiacha pedali zinakuinua kutoka kwenye kiti. Mara mbili nilirushwa hivyo mbele ya soko, na mara zote mbili kulikuwa na watazamaji. Dawa ilikuwa kwenda saa kumi na mbili asubuhi kwenye barabara ya Raskazone, na kujilazimisha kutopumzisha miguu hata kwenye kona. Kwenye kona kali usilaze baiskeli sana, kwa sababu pedali ya ndani haiwezi kuachwa juu na itagonga lami.

Miguu lazima ishikwe kwenye pedali, vinginevyo zikizidi kasi zinakutoka na kukupiga mundi. Fundi viatu alinishonea mikanda miwili ya ngozi kwa shilingi 6,000, na mpaka leo ndiyo ununuzi bora katika mradi.

Ijumaa nilikosea kwa kwenda msikitini nimevaa kanzu. Kwenye Phoenix nguo ikinaswa unaacha kukanyaga na kuitoa. Hapa cheni haisimami mpaka gurudumu lisimame, na ilinivuta pindo kidogo kidogo, kama mtu anayekunja jamvi, mpaka nikaegemea ukuta. Pindo lilikatwa kwa mkasi wa muuza vitambaa aliyekuwa karibu, na niliswali na kanzu yenye kingo za grisi. Sasa Ijumaa ninageuza gurudumu upande wa friwili na kuifunga kanzu kiunoni. Kwa sababu hiyo hiyo, usipanguse cheni kwa kitambaa huku gurudumu likizunguka. Kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi hakuna friwili ya kukihurumia.

Jumapili, 12 Januari 2025: tairi lenye upara mmoja

Tairi la nyuma limekwisha, baada ya miezi miwili tu bila friwili, na limekwisha mahali pamoja penye ukubwa wa kiganja huku sehemu nyingine ikiwa bado na nakshi zake. Nilidhani ni tairi bovu, mpaka nilipokaa na karatasi.

Meno 42 kwa 14 ni tatu kamili. Kila pedali inapozunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu bila kubaki, kwa hiyo kila ninapozuia kwa mguu wa kulia ukiwa mbele, tairi linagusa lami kwa sehemu ile ile. Ukitaka kujua sehemu hizo ni ngapi, rahisisha sehemu ya meno ya mbele juu ya meno ya nyuma mpaka isirahisishike tena, na namba ya chini ndiyo jibu. 42 kwa 14 inatoa moja, 42 kwa 16 inatoa nane, na 42 kwa 17 haipungui hata kidogo, ikabaki 17.

Tairi jipya shilingi 35,000, sproketi ya meno 17 shilingi 28,000. Sasa mzunguko mmoja unanipa mita 5.26, ambayo ni nyepesi kuliko ile ya meno 14 na inafaa zaidi miguu yangu. Kuna faida nyingine ambayo sikuipanga: upande wa friwili una meno 18, na tofauti ya jino moja inasogeza ekseli kama milimita 3 tu kwenye mwanya, kwa hiyo nikigeuza gurudumu cheni inatosha pande zote mbili na breki ya nyuma inaendelea kugusa rimu. Breki hiyo nimeiacha makusudi kwa ajili ya siku za friwili.

Jumapili, 6 Aprili 2025: hesabu

Jumla yote ni shilingi 550,000. Kati ya hizo, 89,000 ni ada ya ujinga: tairi la Phoenix, friwili iliyochomelewa, na tairi pamoja na sproketi ya pili ambavyo hesabu ya dakika tano mwezi Novemba ingeviepusha. Atakayeishia kwenye gia moja yenye friwili, bila kurudia kosa langu la tairi, atatumia 312,000 kwa bei nilizokutana nazo, na kwa kazi ya kila siku ninamshauri aishie hapo. Mwezi mzima wa Ramadhani niliendesha upande wa friwili, kwa sababu ukiwa na kiu saa tisa alasiri unataka baiskeli inayokuruhusu kuserereka. Upande usio na friwili niliurudisha baada ya Idi, na asubuhi ya kwanza, upepo ukiwa umetulia na barabara ya Raskazone ikiwa tupu, nilikumbuka kwa nini nilihangaika: gurudumu na miguu vinakuwa kitu kimoja, na ukipunguza mwendo unauhisi kwenye paja kabla hujauona.

Cheni imerefuka. Vipande 24, ambavyo vikiwa vipya ni inchi 12 kamili, sasa vinapita alama ya inchi 12 na 1/16, kwa hiyo inabadilishwa wiki hii, kabla haijaanza kula sproketi ya shilingi 28,000. Masika imeanza na maji ya barabarani yananipanda mgongoni, hivyo ninatafuta madigadi membamba ya kuingia kati ya tairi la milimita 28 na fremu. Mzee ana jozi ya bati aliyoitoa kwenye baiskeli nyingine na anasema ataikata mwenyewe. Kuhusu keria, dada ameniletea picha.